Maswali ya Wasomaji: Kifuko cha Mshipa wa Ubongo na Wanyama Wanaotumiwa Kukichunguza

Katika toleo lililopita ukurasa huu ulieleza maradhi ya aneurizimu, yaani kufutuka kwa sehemu dhaifu ya ukuta wa ateri (mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni) ndani ya fuvu mpaka ikafanya kifuko, na ukataja kwa sentensi moja tu kwamba tiba zake zilipitia kwa wanyama kabla ya kufika kwa binadamu. Sentensi hiyo moja imeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe. Nimechagua tano, na baadhi nimezifupisha bila ya kubadili maana.

Assalamu alaykum, Daktari. Dada yangu mkubwa alianguka jikoni akiwa anakuna nazi, baada ya kupiga kelele kwamba kichwa kinampasuka, na asubuhi haikumkuta. Wiki moja kabla tulikuwa tumempeleka kituo cha afya kwa kichwa kama hicho hicho, akapewa vidonge vya maumivu na akarudishwa nyumbani. Mwanangu anayesoma Dar es Salaam ananiambia kwamba vifaa vya kutibu maradhi haya hujaribiwa kwenye shingo ya sungura. Dada yangu aliumwa kichwa, hakuumwa shingo, na wala hakuwa sungura. Vipi kimoja kimjibie mwenzake?
*Bi M. S., Wete, Pemba*

Wa alaykum salaam, Bi M. S. Poleni sana kwa msiba huo, Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Siwezi kumpima mtu kwa barua, lakini inajulikana kwamba baadhi ya wagonjwa hupata kichwa kikali cha ghafla siku chache kabla ya kifuko kupasuka, kwa sababu kimekwisha kuvuja kidogo, na kichwa cha namna hiyo, kinachofikia ukali wake wote ndani ya dakika moja, kinastahili kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, kabla ya mgonjwa kurudishwa kwao.

Sasa nije kwenye swali lako, ambalo ni zito kuliko linavyoonekana. Chini ya ubongo ateri zinazopanda kutoka shingoni huungana na kufanya duara, ambalo tabibu wa Kiingereza Thomas Willis alilieleza mwaka 1664 na ambalo bado linaitwa kwa jina lake. Kwenye njia panda za duara hilo ndiko vifuko vinakoota, kwa kuwa hapo damu inayokwenda kwa kasi huupiga ukuta wa ateri moja kwa moja, usiku na mchana, na kwa kuwa ateri za ndani ya fuvu zina ukuta mwembamba, usio na lile tabaka la nje la nyuzi za kunyumbuka ambalo ateri nyingine za mwili zinalo. Katika kila watu wazima 100, takriban 3 wanatembea na kifuko cha aina hii, na wengi wao watakufa uzeeni kwa sababu nyingine bila ya kukijua.

Hapo ndipo ugumu wa utafiti unapoanzia. Kifuko kichanga hakiumi, kwa hiyo hakuna anayekwenda hospitali kukionesha, na hata kikionekana kwa bahati kwenye kipimo, hakuna daktari atakayekata kipande cha ukuta wake akitazame kwenye darubini, kwa sababu kukikata ni kumuua mgonjwa. Kwa binadamu tunauona mwisho wa kisa. Anayetaka kuuona mwanzo na katikati yake hana budi kukitengeneza kifuko mahali ambapo anaweza kukitazama kikikua, na wanyama nao karibu hawakipati kwa maumbile yao.

Mwaka 1978 Nobuo Hashimoto na wenzake wa Kyoto, Japani, walieleza jinsi walivyofanikiwa kwa panya wa maabara. Walifunga ateri kubwa ya upande mmoja wa shingo ili damu ielemee upande wa pili, wakapandisha shinikizo la damu kwa kuziingilia figo na kuwanywesha maji ya chumvi, na wakatia katika chakula kemikali inayodhoofisha nyuzi za kuta za mishipa. Baada ya muda vifuko vikaota vyenyewe, tena ndani ya fuvu, kwenye njia panda zile zile. Ni katika panya wa aina hiyo ndipo ilipoonekana wazi kwamba kifuko si kazi ya msukumo wa damu peke yake, bali ukuta wa ateri huingiwa na seli za kinga za mwili, nazo huuchoma kwa uvimbe wa ndani na kuula kidogo kidogo.

Panya, hata hivyo, ana mishipa membamba mno. Katheta, yaani mrija mwembamba anaoupitisha daktari ndani ya mshipa kumtibu binadamu, haipiti humo, kwa hiyo panya anaweza kusema kwa nini kifuko huanza lakini hawezi kusema kama kifaa fulani kitakiziba. Swali hilo la pili ndilo analoulizwa sungura, na ninaomba uvumilie nikueleze kazi yenyewe inavyofanywa, kwani wengi hudhani sungura anaumwa tu na mtafiti anamtazama.

Sungura hulazwa kwa nusukaputi. Ateri kubwa ya kulia ya shingo yake hufunuliwa, na kipira kidogo hupitishwa ndani ya mshipa na kufutuliwa pale ateri inapochipuka, ili damu isipite. Ndani ya kipande kilichofungwa hutiwa elastasi, kimeng'enya kinachoyeyusha zile nyuzi za kunyumbuka, kikaachwa kwa dakika zipatazo 20. Kisha kipira hutolewa, ateri hufungwa kwa juu, na kile kisiki kilichobaki chini, ambacho hakina tena nguvu ya kujizuia, hufutuka taratibu kwa msukumo wa damu. Baada ya wiki tatu hivi pana kifuko chenye shingo na kichwa, kinachopigwa na damu kama kinavyopigwa cha binadamu, chenye ukubwa unaokaribiana nacho, katika mnyama ambaye damu yake huganda kwa namna inayofanana na yetu, na kifuko hicho hubaki wazi hata kwa miaka miwili kama hakikutibiwa.

Kwa hiyo, Bi M. S., shaka yako ina nusu ya haki. Kuhusu kwa nini kifuko kiliota katika kichwa cha dada yako, sungura hana la kusema, maana chake kilitengenezwa kwa kimeng'enya, shingoni, na hakijazungukwa na ubongo wala maji yake. Kuhusu kama kifaa cha chuma kitakaa ndani ya kifuko na ukuta mpya ukaota juu yake, sungura ni shahidi mwaminifu kuliko wengi. Mimi nikisoma habari ya utafiti wa wanyama, jambo la kwanza ninalolitafuta ni mnyama huyo aliulizwa swali gani.

Sisi huku tuna mbuzi wengi, na mbuzi ana shingo nene na kichwa kikubwa kuliko sungura. Kwa nini wataalamu hawamtumii mbuzi?
*Mfugaji, Kitope, Unguja*

Swali lako, ndugu yangu, lina jibu ambalo unaweza kulishika kwa mkono wako mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi, Sikukuu moja ya Mfunguo Tatu niliomba kichwa cha mbuzi kabla hakijatiwa chunguni, nikalipasua fuvu kwa shoka, nikauinua ubongo polepole, na chini yake, kila upande wa ile tezi ndogo ya katikati, nikaona kishada chekundu kilichoiva, mfano wa uzi mwembamba uliokunjwa kunjwa na kubanwa kati ya vidole. Nilipokikata kwa wembe kikatoa matundu madogo madogo yasiyohesabika.

Kishada hicho huitwa kwa Kilatini rete mirabile, maana yake wavu wa ajabu. Kwa mbuzi, kondoo, ng'ombe na nguruwe, ateri inayopanda ubongoni hugawanyika hapo kuwa vijishipa vingi vyembamba, kisha vijishipa hivyo hujikusanya tena kuwa ateri moja kabla ya kuufikia ubongo. Kwa mbuzi na jamaa zake damu inayopita katika wavu huo hupozwa na damu ya vena, yaani mishipa ya kurudishia damu moyoni, inayorudi kutoka puani, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazomwezesha mbuzi kustahimili jua la mchana. Lakini katheta haiwezi kupenya wavu huo, na anayetaka kufika kwenye mishipa ya ubongo kwa njia ya damu hukwama mlangoni. Sungura na panya hawana wavu wa namna hii, wala binadamu hana.

Wavu huo umewahi kuwapoteza watu wakubwa. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, yule ambaye vitabu vya tiba vya Kiarabu vinamwita Jalinus, alipasua wanyama, akauona, na akaandika kwamba binadamu naye anao. Kwa zaidi ya miaka 1,000 matabibu wa Mashariki na Magharibi walifundishana hivyo, mpaka wapasuaji wa karne ya 16, miongoni mwao Andreas Vesalius katika kitabu chake cha mwaka 1543, waliposema kwa uwazi kwamba katika maiti za watu haumo. Sijui mfano ulio bora kuliko huo wa hatari ya kumchukua mnyama mmoja na kumfanya amsemee binadamu kwa kila jambo.

Mjukuu wangu alipelekwa India akatiwa kifaa kichwani bila ya kupasuliwa fuvu, na alhamdulillah anaendelea vizuri. Sasa nimesikia barazani kwamba kifaa hicho kilianzia kwa nguruwe. Je, mtoto wetu amewekewa kitu cha nguruwe mwilini?
*Mzee wa Chake Chake, Pemba*

Shikamoo, mzee wangu. Kama kifaa chenyewe ni koili, kama inavyoelekea kutokana na maelezo yako, basi ni platinamu, madini ambayo sonara anayajua, iliyovutwa ikawa uzi mwembamba kuliko unywele na kuviringwa kama springi. Hupitishwa ndani ya katheta kutoka kwenye paja au mkononi mpaka ubongoni, hujikunja ndani ya kifuko, na damu iliyomo huganda kuizunguka. Hakuna nyama wala mafuta ya mnyama katika uzi huo. Nguruwe alihusika katika majaribio, na huko ndiko aliyekusimulia alikochanganya.

Kabla ya koili tiba kuu ilikuwa kufungua fuvu na kukibana kifuko shingoni mwake kwa kibanio cha chuma, kazi ambayo Walter Dandy wa Baltimore, Marekani, aliifanya kwa mara ya kwanza mwaka 1937. Guido Guglielmi, daktari wa Kiitaliano aliyekuwa akifanya kazi Los Angeles, alitengeneza koili inayoachana na waya wake kwa umeme mdogo, ili daktari aivute na kuirudisha mpaka aridhike na mahali ilipokaa ndipo aiachie. Aliijaribu kwenye vifuko vilivyotengenezwa kwa nguruwe kwa kushona kipande cha vena ubavuni mwa ateri ya shingo, ufundi ambao watafiti wawili, German na Black, walikuwa wameueleza kwa mbwa mwaka 1954. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa mwaka 1990, ruhusa ya Marekani ikatoka mwaka 1995, na mwaka 2002 utafiti mkubwa uliowahusisha wagonjwa 2,143 ambao vifuko vyao vilikuwa vimepasuka ulionesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 23.7 kwa waliotiwa koili na asilimia 30.6 kwa waliobanwa kwa upasuaji. Hayo ni maisha ya watu, na nguruwe walichangia katika kuyaokoa.

Lakini nguruwe huyo huyo ametudanganya pia. Kifuko kilichoshonwa ubavuni mwa ateri ya nguruwe kina tabia ya kujiziba chenyewe, na mwili wa nguruwe huotesha kovu kwa haraka sana, kwa hiyo karibu kila kinachotiwa humo huonekana kimefaulu. Binadamu si hivyo. Kwa wagonjwa waliotiwa koili, takriban kifuko kimoja kati ya vitano hufunguka tena kwa kiasi fulani, na wataalamu walipotaka kulimaliza tatizo hilo walitengeneza koili zilizopakwa dutu inayoyeyuka mwilini ili ichochee kovu. Kwa nguruwe matokeo yalipendeza mno. Koili hizo zikauzwa kwa bei ya juu kuliko za kawaida, zikatumika kwa miaka, na walipokuja kulinganishwa wagonjwa waliogawanywa kwa kura, koili za kupakwa hazikuonesha kuzishinda za platinamu tupu. Jambo hili linaniuma, kwa sababu waliolipa tofauti ile ya bei ni wagonjwa na jamaa zao, wengine kwa kuuza mashamba ya mikarafuu, na kosa lenyewe lilikuwa kumwamini mnyama anayepona kwa wepesi kuliko sisi.

Ndiyo maana kwa vifaa vya baadaye sungura ametangulizwa mbele. Yale mabomba ya wavu wa chuma yanayolazwa ndani ya ateri yenyewe, mbele ya mdomo wa kifuko, ili damu ipite na kifuko kife kwa kukosa mkondo, yalijaribiwa kwa sungura kwa namna mbili. Bomba moja lilifunika kifuko, na jingine likawekwa kwenye ateri kubwa ya tumboni ili lifunike midomo ya vijitawi vinavyokwenda mgongoni, na vijitawi vikabaki wazi. Kwa ubongo jawabu hilo lilikuwa na thamani kubwa, maana kijitawi kimoja kikiziba ubongoni ni kiharusi. Ruhusa ya Marekani kwa mabomba hayo ilitoka mwaka 2011.

Kuna jambo moja ambalo sitalificha, kwa kuwa umeuliza kwa ajili ya dini. Elastasi inayotumika kutengeneza kifuko cha sungura kwa kawaida hutolewa katika kongosho la nguruwe. Huishia kwa sungura huyo wa maabara, haitiwi kwa mgonjwa.

Mtume (S.A.W.) ametueleza habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya chakula. Vipi nitawaeleza wanafunzi wangu kwamba kumfunga sungura mshipa ni kazi njema?
*Mwalimu wa madrasa, Makunduchi, Unguja*

Mwalimu, fatwa tuwaachie masheikh, nami niseme ya upande wangu. Mwaka 1959 wanasayansi wawili wa Uingereza, William Russell na Rex Burch, waliweka masharti matatu ambayo leo kamati za maadili katika nchi nyingi zinayafuata, nayo ni kumbadilisha mnyama kwa kitu kisicho hai pale inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama mpaka ibaki ile tu inayotosha, na kuboresha mambo ili maumivu yawe madogo kabisa. Nusukaputi wakati wa kupasua na dawa ya maumivu baada yake ni katika sharti la tatu.

Sharti la kwanza limepiga hatua. Leo picha za mgonjwa mmoja zinaweza kuchapwa zikawa ateri ya silikoni yenye kifuko chake, madaktari wakafanyia mazoezi humo, na kompyuta inaweza kukokotoa jinsi damu inavyozunguka ndani ya kifuko kile kile. Mkono unaojifunza kupitisha katheta hauna tena haja ya kuanzia kwa mnyama. Hata hivyo silikoni haipati kovu wala haiingiwi na seli za kinga, na kwa hiyo swali la kupona bado linahitaji kiumbe kinachopona.

Ninapokubaliana nawe kabisa ni kwamba dhulma haitokani na kisu peke yake. Wanyama wakiwa wachache mno kiasi kwamba hesabu haisemi kitu, anayepima matokeo akiwa anajua ni mnyama yupi aliyetibiwa, au wakitumiwa madume watupu katika maradhi ambayo wagonjwa wake wengi ni wanawake, basi wanyama hao wamekufa bila ya kutufundisha kitu, na hilo nalihesabu kuwa kosa kubwa. Tangu mwaka 2010 kuna mwongozo unaoitwa ARRIVE unaowataka watafiti waandike wazi idadi, jinsia na namna wanyama walivyogawanywa. Wanafunzi wako wangeweza kuusoma na kuuliza kama umefuatwa.

Nimesoma kwamba aspirini iliwazuia panya wasipasukwe na vifuko. Mama yangu alifariki kwa maradhi haya, na dada yangu alitibiwa Dar es Salaam miaka mitatu iliyopita. Je, na mimi nianze kumeza aspirini kila siku? Nina umri wa miaka 41 na presha yangu hupanda mara kwa mara.
*Bi A. H., Mkoani, Pemba*

Bi A. H., usianze kwa shauri lako mwenyewe. Ni kweli kwamba kwa panya wadogo waliofanywa wapate vifuko, aspirini ilipunguza kupasuka, na ni kweli pia kwamba mwaka 2011 takwimu za wagonjwa waliokuwa wakiitumia tayari zilionekana kuelekea huko huko. Lakini aspirini huzuia damu isigande, huweza kuchuna tumbo mpaka likatoka damu, na haifai kumezwa kila siku bila ya daktari kuijua presha yako na mwili wako ulivyo.

Lililothibitika kwa panya na linalolingana na yanayojulikana kwa watu ni presha. Panya walioshushiwa shinikizo la damu walipasukwa na vifuko kwa uchache kuliko wenzao, na kwa binadamu presha ya juu na uvutaji wa sigara ndiyo mambo mawili makubwa ambayo mtu anaweza kuyabadili. Dawa ya presha uliyoandikiwa imeze kila siku, hata siku unayojihisi mzima.

Barua yako lakini ina neno ambalo umelipita haraka. Mama na dada ni jamaa wawili wa karibu kabisa, na mtu mwenye jamaa wawili wa daraja hiyo waliopatwa na aneurizimu ni miongoni mwa wale wanaoshauriwa kupimwa mishipa ya ubongo hata kama hawana dalili yoyote. Kipimo ni picha ya MRI au ya CT inayoonesha ateri, na hakihitaji kisu. Nenda kwa daktari ukiwa na karatasi za hospitali za dada yako, na mwambie habari ya hao wawili mwanzo kabisa, kabla ya kumweleza habari ya presha, ili akuandikie barua ya rufaa ya kipimo hicho. Na ikitokea kabla ya hapo ukashikwa na kichwa cha ghafla ambacho hujapata kukiona maishani, au ukope wa jicho moja ukaanguka na kuona vitu viwili viwili, usingoje boti ya asubuhi wala miadi, nenda hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo na utaje aneurizimu kwa jina lake.